Siku saba nyuma ya jeneza moja

Siku ya 1, Jumanne: Ypres

Ndani ya begi langu kuna karatasi moja niliyoitia kwenye bahasha ya plastiki isije ikalowa. Ni hati ya mzigo wa ndege. Aina ya mzigo: mabaki ya binadamu. Idadi: moja. Uzito: kilo 142. Chini yake limeandikwa jina la marehemu kaka yangu, na herufi moja imekosewa.

Kaka alifia kazini, nchi ya mbali, na mwili wake ulichukua siku 23 kutufikia. Siku zote hizo ziliishia kwenye makaratasi: cheti cha kifo na tafsiri yake, cheti cha kuthibitisha kwamba mwili umetiwa dawa usiharibike, barua ya ubalozi, pasipoti iliyokatwa pembe. Nilimpokelea upande wa mizigo, nikatia saini palepale anapotia saini mtu anayechukua bidhaa zake. Jeneza lilikuwa na bati la zinki ndani, limelehemewa pande zote, na tuliambiwa lisifunguliwe. Tulimzika bila kumwona uso. Tangu siku ile mama huniuliza kwa sauti ya chini, watu wakishaondoka, "Una hakika ni yeye?" Nami humjibu ndiyo.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma kwamba mwaka 1920 Uingereza ilizika jeneza ambalo hakuna hata mtu mmoja aliyejua aliyemo ni nani, na kwamba watu walipanga foleni usiku na mchana kuliaga, niliona sina budi kuipita njia lililopitia. Naanzia hapa Ubelgiji, walikolala wengi ambao hawakurudishwa.

Jioni nimesimama chini ya Lango la Menin. Kuta zake zimechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa himaya ya Uingereza waliokufa kuzunguka mji huu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na hawana kaburi linalojulikana. Majina yamepanda hadi darini, mengine juu mno hata huyasomi bila kukaza shingo. Kila siku saa mbili usiku magari husimamishwa, na wapiga tarumbeta kutoka kikosi cha wazima moto cha mji hupiga wimbo wa kuwaaga askari. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1928, isipokuwa miaka ile mji ulipotekwa tena katika vita vya pili. Usiku wa leo tulikuwa watu kama mia mbili, na hakuna aliyekohoa.

Lango hili lilipozinduliwa tarehe 24 Julai 1927, Marshali Plumer, aliyeongoza jeshi la Uingereza kuzunguka mji huu wakati wa vita, aliwaambia wazazi waliokuja kwamba sasa inaweza kusemwa juu ya kila mmoja wao: "Hajapotea, yuko hapa." Nimeyarudia maneno hayo njiani hadi nyumba ya wageni. Ni maneno mema. Lakini aliyekuwapo pale lilikuwa jina tu, na nadhani kila mama aliyekuwa mbele yake alilijua hilo.

Nilimpigia mama simu. Aliuliza kama majina yameandikwa sawasawa. Nikamwambia sijui, mama, ni mengi.

Siku ya 2, Jumatano: Tyne Cot na Langemark

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Tyne Cot iko juu ya mwinuko mdogo karibu na Passendale. Ukiwa barabarani huoni kitu, kisha unapanda kidogo, na mawe meupe yanakujaa machoni. Makaburi ni karibu 12,000. Zaidi ya 8,000 kati yake hayana jina. Kwenye mawe hayo imeandikwa tu kwamba ni askari wa Vita Kuu, na chini kabisa, kwamba Mungu anamjua.

Mawe yote yana umbo moja na kimo kimoja. Mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mchimba makaa wamepewa jiwe lilelile, na hilo lilikusudiwa. Fabian Ware, aliyeanza kazi hii na kikosi cha Msalaba Mwekundu akiandika makaburi ya askari wakati vita vikiendelea, ndiye aliyesukuma wazo kwamba waliokufa pamoja wazikwe pamoja, bila matajiri kujitenga. Aprili 1915 aliuawa Luteni Gladstone, mbunge na mjukuu wa waziri mkuu wa zamani, na familia yake ikapata kibali cha kumfukua na kumrudisha nyumbani. Baada ya hapo mlango ulifungwa: marufuku kufukua, marufuku kusafirisha mwili. Vita vilipokwisha, marufuku hiyo ikabaki kuwa ya kudumu.

Naielewa hoja. Mwenye fedha angemchukua wake, na maskini angebaki na picha. Lakini niliposimama kati ya safu zile niliona pia upande wa pili: usawa huu ulipatikana kwa kuwanyima wote. Familia ziliachiwa kitu kidogo, nafasi ya herufi zisizozidi 66 chini ya jiwe, waandike walichotaka. Wengi waliandika aya ya Biblia. Baba mmoja aliandika juu ya mwanawe kwamba alitolewa kafara kwa dhana potofu kwamba vita vinaweza kukomesha vita. Nililitafuta jiwe hilo kwa nusu saa, nikalipata, nikainama kulisoma mpaka maji yakaniingia viatuni.

Na usawa wenyewe haukufika kote. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliobeba risasi na chakula cha majeshi ya Uingereza, wakafa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, hawakupewa mawe haya. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Mtu anayefukia kaburi la mwenzake mara ya pili, kwa kalamu! Nimeandika sentensi hii huku mkono ukitetemeka, na sitaifuta.

Mchana nilipita Langemark, walikolala Wajerumani zaidi ya 44,000, karibu 25,000 kati yao katika shimo moja. Mialoni mirefu, mawe yaliyolala chini, giza. Sikukaa sana.

Siku ya 3, Alhamisi: Loos na Notre-Dame-de-Lorette

Nimevuka kuingia Ufaransa. Hapa Loos kuna habari ya mama mmoja ambayo nimeibeba tangu nilipoisoma.

Anna Durie alitoka Toronto, Kanada. Mwanawe, Kapteni William Arthur Peel Durie, aliuawa karibu na Lens mwezi wa Desemba 1917. Mama aliomba arudishiwe mwili, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mwaka 1921 alikuja na watu usiku wamfukue, wakashindwa. Kisha makaburi yale yakahamishiwa Loos, naye akamfuata huko. Julai 1925 alifanikiwa kuitoa mifupa ya mwanawe kaburini, akavuka nayo bahari, akamzika Toronto.

Nilikaa kwenye ukingo wa makaburi ya Loos nikijaribu kumwona: mwanamke mtu mzima, usiku, shamba la watu, taa ya mkononi, anachungulia shimo. Wakubwa walimwona mkaidi. Mimi kosa lake silioni, na nadhani yeyote aliyewahi kusubiri mwili uwanjani hatalisumbukia. Alitaka kuona kwa macho yake.

Si yeye pekee aliyelilia. Leeds, Uingereza, Sarah Smith, ambaye mwanawe alizikwa Ufaransa mwaka 1918, aliunda chama mwaka 1919 kudai miili irudishwe. Waliandika barua, wakakusanya saini, wakamwandikia hata Malkia. Hawakupewa kitu. Na kilichowauma zaidi ni kwamba wengine walipewa. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 31 Julai 1920 iliruhusu kila familia kumchukua mtu wake kwa gharama ya serikali, na miili takriban 240,000 ikapakiwa kwenye magari moshi kurudi vijijini. Marekani iliziuliza familia moja baada ya nyingine, na zaidi ya miili 40,000 ikavushwa bahari ya Atlantiki. Waingereza walikuwa wakisoma habari hizo magazetini.

Mchana nilipanda kilima cha Notre-Dame-de-Lorette. Wafaransa zaidi ya 40,000 wako pale, nusu yao katika vyumba vya mifupa. Pembeni kuna duara kubwa la mabamba ya chuma lililozinduliwa Novemba 2014, lenye majina 579,606 ya waliokufa katika eneo hili la kaskazini. Yamepangwa kwa alfabeti tu: Mjerumani, Mfaransa, Mwingereza, Mhindi, bila cheo, bila taifa. Nilitembea ndani ya duara nikipitisha kidole kwenye herufi. Kuna majina yanayofuatana ambayo yanatofautiana herufi moja tu. Nilisimama hapo. Herufi moja ni mtu mwingine kabisa, mwenye mama mwingine.

Jioni niliitoa ile hati begini nikaitazama. Nikairudisha.

Siku ya 4, Ijumaa: Saint-Pol-sur-Ternoise

Mji mdogo wenye mto mwembamba. Nilitafuta mahali penye ukimya nikaketi, maana kilichonileta hapa kilitendeka usiku mmoja tu na ndani ya kibanda.

Aliyeanzisha wazo ni kasisi wa jeshi, David Railton. Mwaka 1916, karibu na Armentières, aliona kwenye bustani ya nyumba moja kaburi lenye msalaba wa mbao, na juu yake maandishi ya penseli kwamba ni askari wa Uingereza asiyejulikana. Alikaa na picha hiyo kichwani miaka minne. Agosti 1920 alimwandikia Herbert Ryle, mkuu wa kanisa la Westminster Abbey: achukuliwe mmoja kama huyo, azikwe kati ya wafalme.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 1920 miili ililetwa hapa kutoka viwanja vikubwa vya vita: Aisne, Somme, Arras, Ypres. Masimulizi yanatofautiana kama ilikuwa minne au sita. Iliwekwa ndani ya kibanda kilichotumika kama kanisa, kila mmoja umefunikwa bendera. Waliotangulia kuileta walikwisha ondoka, ili asibaki wa kusema upi umetoka wapi. Saa sita usiku aliingia Brigedia Jenerali Wyatt pamoja na Kanali Gell. Wyatt akachagua mmoja. Wakauinua wao wawili, wakautia kwenye sanduku, wakakaza kifuniko kwa skrubu. Iliyobaki ikazikwa tena.

Nimezifikiria skrubu hizo siku nzima. Huko alikofia kaka yangu, kuna mtu aliyeshika chombo cha kulehemu akapitisha moto kwenye ukingo wa bati mpaka likashikana. Yeye ndiye wa mwisho kuuona uso wake. Simjui, na sijui kama alimtazama. Wyatt na Gell hawakuwa na uso wa kutazama. Walikuwa na mifupa na mabaki ya sare. Lakini walimbeba kwa mikono yao wenyewe, jenerali na kanali, usiku wa manane, hakuna anayewaona.

Mama alipopiga nilimsimulia. Alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo hata wao walifunga."

"Walifunga, mama."

"Na mama zao walikubali?"

Nikamwambia nitamjibu nikifika London.

Siku ya 5, Jumamosi: Boulogne, Calais, Dover

Siku ya mwendo tu. Boulogne askari wa Ufaransa walimlinda yule asiyejulikana usiku kucha ndani ya ngome, kisha akatiwa kwenye jeneza la mwaloni kutoka Hampton Court, likafungwa mikanda ya chuma na upanga wa zamani juu yake. Asubuhi ya tarehe 10 Novemba Marshali Foch wa Ufaransa alimpigia saluti gatini, na manowari Verdun, iliyochaguliwa kwa jina lake la Kifaransa, ikamvusha. Siku hizi feri za abiria haziondoki Boulogne, nikapanda Calais.

Kwenye feri nilisimama nje upande wa nyuma. Kwa maiti ya kawaida leo safari ya namna hii ni ya makaratasi kuliko maji: nchi nyingi za Ulaya zinafuata mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1973, unaotaka maiti apewe pasi yake ya kusafiria, yenye jina, umri, na mahali na tarehe aliyofia, na jeneza lisilovuja, ama la mbao za milimita 20 lenye la zinki ndani yake, ama la mbao nene zaidi lililopigwa bati la zinki. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifarijika. Nilikuwa nikidhani kuziba kule ni ukali wa mtu fulani kwetu, kumbe ni kipimo kilichoandikwa, cha kila mtu.

Dover mizinga ilipigwa mara 19. Jeneza likatiwa kwenye behewa lilelile lililokuwa limembeba Edith Cavell, yule muuguzi aliyepigwa risasi Brussels, mwili wake uliporudishwa mwaka 1919. Paa lilipakwa rangi nyeupe ili walioko gizani kando ya reli walitambue likipita. Nami nikapanda gari moshi jioni. Nje kulikuwa giza, taa za nyumba zinakimbia, na nikawa nawatafuta wale watu: wanawake wenye nguo nyeusi kwenye bustani zao, wamesimama wakisubiri behewa moja jeupe.

Askari yule alifika London, stesheni ya Victoria, saa mbili na dakika 32 usiku, jukwaa namba 8. Kuna bamba dogo la kumbukumbu hapo. Watu wanalipita na mizigo yao. Niligusa ukuta, nikaenda zangu.

Siku ya 6, Jumapili: Royal Wootton Bassett

Jumapili Westminster Abbey haipokei wageni wa matembezi, kwa hiyo nilienda magharibi, kwenye mji huu wa barabara moja.

Askari wa Uingereza waliendelea kuzikwa walikofia karibu miaka sitini baada ya yule wa mwaka 1920. Desturi ilivunjika baada ya vita vya Falklands mwaka 1982, familia zilipopewa hiari: kati ya wanajeshi 255 waliokufa, miili 64 ilirudishwa. Ilipofika vita vya Iraq na Afghanistan, kurudishwa lilikuwa jambo la kawaida. Kuanzia Aprili 2007 hadi Agosti 2011 ndege zilitua uwanja wa Lyneham, na magari ya maiti yakapita hapa kuelekea hospitali ya Oxford kufanyiwa uchunguzi. Askari wastaafu wachache waliona gari la kwanza wakasimama kando ya barabara. Mara ya pili wakaongezeka. Mwishowe, kila gari likikaribia, kengele ya kanisa ililia, maduka yakanyamaza, maelfu wakajipanga. Hakuna aliyewaagiza. Miili 345 ilipita hivyo. Oktoba 2011 mji ukapewa heshima ya kuitwa wa Kifalme.

Nilisimama ukingoni mwa barabara, karibu na mnara wa kumbukumbu ambapo magari yalikuwa yakisita kidogo. Basi likapita, kisha mwanafunzi na baiskeli. Nilimkumbuka kaka akitolewa kwenye lango la mizigo, na dereva wa foko akitusubiri tusaini maana zamu yake ilikuwa inaisha. Alivua kofia, lakini. Nilikuwa nimelisahau hilo. Alivua kofia akaishika kifuani mpaka tulipoondoka.

Siku ya 7, Jumatatu: Westminster Abbey

Kaburi la yule askari liko sakafuni, karibu na mlango mkubwa wa magharibi, kwa hiyo unalikuta mapema kabla hujajiandaa. Jiwe ni jeusi, la Ubelgiji, na herufi ni za shaba iliyoyeyushwa kutoka kwenye risasi. Pembeni pote limezungukwa na maua mekundu. Ndani ya kanisa hili wafalme na washairi wamezikwa chini ya sakafu na watu huwakanyaga. Hili peke yake halikanyagwi. Niliona kundi la watoto wa shule likikatika mara mbili, kushoto na kulia, bila mwalimu kusema neno.

Tarehe 11 Novemba 1920 alipitishwa mitaani, na kanisani akapokewa na walinzi 100 waliokuwa na nishani ya Msalaba wa Victoria. Lakini wageni waliopewa nafasi ya mbele kabisa walikuwa wanawake wapatao 100 waliopoteza mume na watoto wote wa kiume. Hilo ndilo jibu la swali la mama. Mama zao hawakukubali kamwe, ila siku ile kila mmoja wao aliangalia jeneza lililofungwa na angeweza kusema moyoni: huenda ni wangu. Wiki ile watu zaidi ya milioni moja walipita. Miaka mitatu baadaye Elizabeth Bowes-Lyon, akienda kuolewa na mtoto wa mfalme, aliliweka shada lake la harusi hapa. Kaka yake Fergus aliuawa Loos mwaka 1915.

Nilitaka kuitoa ile hati ya mzigo. Nikaona haina kazi pale. Nikasimama tu, pengine dakika ishirini, mpaka mzee mmoja mlinzi akaniuliza kwa upole kama nahitaji kiti.

Nje, upepo ukivuma, nilimpigia mama. Nikamwambia kuhusu wale wanawake. Nikamwambia shimo lilijazwa udongo ulioletwa kwenye magunia kutoka Ufaransa, kwenye viwanja vya vita.

"Udongo wa kule?" akauliza.

"Wa kule, mama."

Akakaa kimya kitambo. "Sisi tulimfukia kwa wa kwetu," akasema. Nikasikia anavuta pumzi. Safari hii hakuniuliza kama nina hakika. Aliuliza ndege yangu inatua saa ngapi, na ni mlango upi watakaotokea abiria.